Alama ya Siki kwenye Mtutu: Niliyojifunza kwa Kukalisha Bunduki kwa Epoksi

Bunduki ya kwanza niliyoikalisha kwenye kitako chake kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganywa inayokauka ikawa ngumu, bado ninayo, na upande wa kulia wa mtutu, pale unapoanza kulala juu ya mbao, kuna alama ya kijivu yenye urefu wa vidole vitatu. Ukiisogeza karibu na taa utaona kwamba alama hiyo haififii polepole kuelekea kwenye weusi unaoizunguka, bali imekatika ghafla, mstari ulionyooka upande mmoja na uliokunjamana upande mwingine, sawasawa na ukingo wa kitambaa nilichokuwa nimekilaza pale. Epoksi haikuweka alama hiyo. Niliiweka mimi, kwa siki, nikidhani ninaiokoa bunduki.

Ilikuwa bunduki ya zamani ya kuwindia, yenye mfumo wa Mauser 98, na kitako chake cha mbao kilikuwa kimechoka. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yamelainisha mbao chini ya chuma, na kila risasi ilipofyatuliwa mwili wa bunduki ulisogea kidogo na kurudi mahali tofauti na pale ulipokuwa. Dawa ya ugonjwa huo inajulikana. Mbao huchongwa kidogo, epoksi iliyochanganywa na kigumishi chake humiminwa kwenye nafasi iliyopatikana, chuma hulazwa juu yake, na epoksi ikishakauka huwa imechukua umbo la chuma hicho bila kuacha pengo. Jambo la msingi ni lile jino la chuma lililo chini ya sehemu ya mbele ya mwili wa bunduki, ambalo hupokea teke la risasi na kulipeleka kwenye mbao. Jino hilo likikaa sawasawa, bunduki hurudi mahali pake kila mara. Lisipokaa, hutaweza kuilenga ukaiamini.

Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisichokuwa nimekielewa ni ule weusi wenye ubuluu unaofunika chuma cha bunduki. Niliuchukulia kama rangi, yaani kitu kilichopakwa juu, kama rangi ya dirisha. Sivyo ulivyo. Ni ngozi ya chuma chenyewe kilichogeuzwa kuwa oksidi nyeusi, kwa kawaida kwa kuchemshwa katika maji mazito ya magadi makali na chumvi za nitrati, kwenye joto la nyuzi za Selsiasi 140 hivi. Unene wake ni kama maikroni moja au mbili, ilhali unywele wa mtu una maikroni zipatazo 70. Ngozi hiyo haisumbuliwi na epoksi, haisumbuliwi na spiriti wala asetoni, na hustahimili mafuta ya kila namna. Asidi, hata iliyo dhaifu, huila. Siki ya jikoni, yenye asidi isiyozidi sana asilimia 5, inatosha kabisa.

Siku ile epoksi ilipanda kwenye ukingo wa mbao na kutambaa juu ya mtutu. Nilikuwa nimepaka nta mahali palipozama ndani ya mbao tu, nikasahau kwamba epoksi haiheshimu mstari wa mbao. Ukiibana chini, hutafuta njia ya juu. Nikakumbuka kusoma kwamba siki huondoa epoksi mbichi, jambo ambalo ni kweli, na hapo ndipo penye hatari yake, kwa sababu ushauri uliokuwa sahihi kwa meza na mikono niliupeleka kwenye chuma cheusi. Nililoweka kitambaa, nikakilaza juu ya mtutu ili kilainishe ile epoksi, kisha nikageukia upande wa pili wa kitako kufuta sehemu nyingine. Ilipita kama robo saa. Nilipokiinua, epoksi ilitoka vizuri sana, na weusi ukatoka pamoja nayo. Kitambaa kilikuwa na doa la hudhurungi, na chini yake chuma kilikuwa kimebaki kitupu, cha kijivu kisicho na mng'ao, mfano wa risasi ya penseli.

Nilimpelekea mzee mmoja ambaye alikuwa ametumia maisha yake yote kurekebisha bunduki. Nilimwamkia, akaitikia, akaichukua bunduki na kuigeuzageuza chini ya dirisha bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Umeifuta kwa kitu gani?"

"Siki, mzee."

"Kwa nini ulikuwa na haraka? Epoksi ile ungeiacha, ingekusubiri hata wiki nzima, tungeikwangua taratibu. Weusi haukusubiri, mwanangu."

Sikuwa na la kumjibu. Alinieleza kwamba angeweza kupaka dawa ya kuweusha chuma bila moto, ile ya chupa inayopakwa kwa pamba, lakini akanionya kwamba weusi wake haungefanana na ule wa asili na ungechakaa upesi mahali panaposhikwa na mkono. Kuurudisha weusi halisi kungehitaji bunduki nzima ivuliwe, ing'arishwe na kuchemshwa upya, na kila mara chuma kinapong'arishwa maandishi yaliyochongwa juu yake hupungua kina na kingo zake hulegea. Niliamua kuiacha kama ilivyo, nikaipaka mafuta, na tangu hapo huipaka mara nyingi kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa chuma kitupu hushika kutu kwanza.

Tangu siku hiyo nimekalisha bunduki nyingi, zangu na za watu, na karibu kila nilichokibadilisha kinahusu saa zinazotangulia kuchanganya epoksi. Kabla ya yote huthibitisha kwamba chemba, mahali risasi inapokaa, ni tupu, hutoa bolti, kile kipande kinachofunga chemba hiyo, na kuiweka mbali, kisha hutoa triga, magazini na kila kinachotoka. Huosha chuma kwa tina nyepesi, ile ya kuyeyushia rangi, hadi kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu nta haishiki vizuri juu ya mafuta. Baada ya hapo hukaa na taa na kukikagua chuma kama mtu anayesoma barua, nikitafuta matundu: matundu ya pini za triga, nafasi ya kizuizi cha bolti, mfereji wa magazini, nyuzi za skrubu, hata kona ndogo iliyochongwa kwa ndani ambayo upana wake chini ni mkubwa kuliko mdomo wake. Nta huzuia epoksi isigande kwenye uso wa chuma, lakini haiwezi kitu mbele ya epoksi iliyoingia kwenye tundu na kukomaa humo kama msumari. Matundu yote huyajaza plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, kisha huusawazisha na uso wa chuma kwa kijiti cha mbao.

Halafu huja utepe. Jino la kupokea teke hulifunika kwa utepe wa umeme upande wa mbele, pembeni na chini, nikiacha wazi upande wake wa nyuma tu, ule unaosukuma mbao. Utepe mmoja una unene wa takriban milimita 0.15 hadi 0.2, na nafasi hiyo ndogo ikibaki baada ya utepe kutolewa huruhusu bunduki ivuliwe na kurudishwa miaka mingi bila jino kukwangua epoksi. Hapa niliharibu bunduki ya pili, kwa namna ambayo watu wachache huizungumzia. Niliubandika utepe kwanza, kisha nikaukatia palepale kwenye chuma kwa wembe ili ukae sawa na kona. Utepe ulikaa vizuri mno. Nilipoutoa, niliona mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka mwili wa bunduki, kwa sababu wembe ulikuwa umepita ndani ya ile ngozi ya maikroni mbili. Siku hizi hubandika utepe kwenye kipande cha kioo, hukata humo kwa rula, kisha huuhamishia kwenye chuma ukiwa na umbo lake kamili. Hilo huchukua dakika kumi zaidi, na sijapata kuzijutia.

Sehemu ya nje ya chuma, ile itakayoonekana juu ya mstari wa mbao, nayo huifunika kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, na kando za mbao vilevile. Utepe hutangulia na nta hufuata, kwa kuwa utepe haushiki juu ya nta. Kisha hupaka nta juu ya kila kitu, chuma na utepe pamoja, hadi kimo cha kidole kizima juu ya mahali ambapo nadhani epoksi haitafika.

Kuhusu nta yenyewe watu hubishana sana, nami nimetumia za aina nyingi: nta ngumu ya samani yenye karnauba, polishi ya viatu isiyo na rangi, na dawa maalumu zinazouzwa pamoja na epoksi, ambazo nyingine hukauka na kuwa utando kama wa plastiki. Zote hufanya kazi zikipakwa kwa subira. Mimi hurudi kwenye nta ya samani kwa sababu hukuonyesha ilipofika: hupakwa nyembamba, huachwa ifunge ukungu, husuguliwa kwa kitambaa safi hadi ing'ae, kisha hupakwa tena. Safu mbili hutosha kwenye chuma laini. Nta nene isiyosuguliwa haikulindi zaidi, na tena epoksi hunakili mistari yake, hivyo ukitoa chuma utakuta mikunjo midogo mahali ulipotaka kuwe na mgusano kamili. Nyuzi za skrubu huzipaka kwa kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, na skrubu zenyewe huzipaka nta nyingi bila kuzisugua. Kitu ambacho sitakitumia tena ni dawa ya silikoni ya kupuliza, kwa kuwa vumbi lake hutua kwenye mbao, na epoksi haitashika vizuri mahali ambapo ulitaka ishike milele.

Chuma chenyewe nacho hutofautiana. Ule ukoko wa fosfeti wa kijivu, unaoonekana kwenye bunduki nyingi za kijeshi, una punje na vinyweleo, na epoksi huingia humo kama maji kwenye mchanga. Kwa huo hupaka nta mara nne, nikiisukuma kwa brashi laini. Aluminiamu iliyowekewa utando wa oksidi huharibiwa na magadi makali na asidi kali, kwa hiyo hata sabuni ya kusafishia majiko siiruhusu ikaribie meza yangu. Chuma kisichoshika kutu hakina weusi wa kupoteza, lakini hukwaruzika na mkwaruzo wake huonekana. Kwenye bunduki iliyopakwa rangi halisi hujaribu kimiminika chochote kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa asetoni isiyofanya kitu kwenye weusi wa chuma inaweza kuilainisha rangi katika dakika moja.

Kuchanganya kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Fuata kipimo cha mtengenezaji bila kukisia, kwa kuwa Acraglas, epoksi ya kukalishia bunduki, ile ya gel, huchanganywa sehemu moja kwa moja, ilhali ile ya majimaji huchukua sehemu nne za rezini kwa moja ya kigumishi, na kuongeza kigumishi hakuharakishi kitu bali hudhoofisha. Vaa glavu za nitrili, maana kigumishi kinaweza kuifanya ngozi ikatae epoksi kwa maisha yako yote. Joto likipanda kwa nyuzi 10, epoksi huganda kwa takriban nusu ya muda, kwa hiyo chagua chumba chenye joto la kawaida na hakikisha kila chombo kiko mezani kabla ya kuanza.

Ninapolaza chuma, sikazi skrubu. Huzitumia kama miongozo tu, kisha hufunga mwili wa bunduki kwenye kitako kwa ukanda wa mpira, ili epoksi ikauke ikiwa imezunguka chuma kilichotulia, kisichopindishwa. Hapo ndipo epoksi hutoka kando, na hapo ndipo mkono huwashwa kufuta.

Makosa yangu mengi yalizaliwa katika nusu saa hiyo. Kitambaa kilichojaa asetoni huondoa epoksi, lakini pia huosha nta iliyo ukingoni, na kile kimiminika kilichozidi huteremka kati ya chuma na mbao, kikaiacha epoksi laini ikiwa imegusana na chuma kisicho na kinga. Umesafisha juu na kugandisha chini. Sasa huiondoa ile nyingi kwa kijiti cha mbao kilichochongwa kama patasi, nikikifuta kila mara, kisha humalizia kwa vijiti vya pamba vilivyoguswa spiriti kidogo tu, kila kijiti kikipita mara moja na kutupwa. Epoksi huendelea kupanda taratibu, hivyo hurudi baada ya dakika ishirini, na tena baadaye.

Kilichobaki baada ya hapo hukiacha. Huweka mabaki kwenye kikombe nilichochanganyia na kuyabonyeza kwa kijiti kila baada ya muda, nikikumbuka kwamba mabaki yaliyo mengi kikombeni hupata joto na kuwahi kidogo kuliko ule utando mwembamba kwenye bunduki. Kuna kipindi ambacho epoksi imeacha kunata lakini bado inakatika kama jibini ngumu. Kwa zile ninazozitumia hufika baada ya saa tatu au nne. Wakati huo ukingo wote hukatika kwa kipande cha plastiki ngumu, na utepe hutoka ukiwa umebeba uchafu wote. Kama kuna tone lililokwisha kukauka juu ya weusi, halitolewi kwa bisibisi wala pamba ya chuma. Hulipasha moto taratibu kwa hewa ya moto hadi chuma kiwe hakishikiki kwa mkono, maana epoksi iliyokaukia katika joto la kawaida hulegea mapema kabla joto halijakaribia kukidhuru chuma, kisha hulisukuma kwa kipande cha plastiki au shaba nyeupe. Mbao iliyo jirani huifunika isikaushwe na joto hilo.

Huacha siku nzima kabla ya kuvua. Hulegeza skrubu kwa mizunguko michache, hugonga vichwa vyake kwa nyundo ya plastiki, polepole, mbele na nyuma kwa zamu, na huinua chuma wima bila kukiyumbisha kando. Mara nyingi husikika mlio mdogo mkavu, kama ganda la yai linapovunjika, na kazi imekwisha.

Mara moja tu haukusikika. Nilikuwa nimesahau tundu moja la pini, na chuma kiligoma kabisa. Niliifunga bunduki ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friza usiku kucha, kwa kuwa chuma, epoksi na mbao hujikunja kwa viwango tofauti vinapopoa, na epoksi yenyewe huwa kavu na rahisi kukatika. Asubuhi iliachia kwa pigo la tatu, na kile kijisumari cha epoksi kikakatikia ndani ya tundu. Nilifurahi mno hata nikakiweka chuma mezani na kwenda kutafuta kijiti cha kukitolea. Niliporudi, mwili wote ulikuwa umejaa matone madogo ya maji, kwa sababu chuma cha baridi huvuta unyevu wa hewa, nacho kilikuwa kimeoshwa mafuta yake yote siku ya kwanza. Nilikifuta harakaharaka, lakini jioni nilikuta vidoa vya kutu vya rangi ya machungwa kando ya mfereji wa magazini. Kwa mafuta na kitambaa kigumu vilitoka, na weusi chini yake ulikuwa bado mzima. Sasa bunduki iliyotoka frizani huiacha ndani ya mfuko wake uliofungwa hadi ipate joto la chumba, ikiwa si lazima kuivua ikiwa baridi. Na ikiwa ni lazima, chupa ya mafuta huwa imekwisha kufunguliwa.

Wiki iliyopita nilivua bunduki ya jirani yangu, nyeusi kama siku ilipotoka kiwandani. Ule mlio mdogo ulisikika, na chuma kikainuka. Ndani ya kitako, epoksi ilikuwa imenakili mistari ya mashine iliyochonga ule mwili, mmoja baada ya mwingine, hata mkwaruzo mdogo chini ya jino. Nilitoa utepe na plastisini, nikafuta nta kwa tina nyepesi, nikapitisha kijiti cha pamba kwenye kila tundu, kisha nikapaka mafuta membamba chini na pembeni, mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona tena hadi kitako kitakapovuliwa.